Wali chini ya Kawa

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Nitakalokwambia sijapata kumwambia mtu. Huku Kikwajuni tu wazima, na mjomba wako kapata mtoto wa kike.

Unauliza nnajuaje kwamba tutaonana tena na marehemu babu yako.

Mama yangu alifariki miaka ya themanini, nami bado mwanafunzi, mwenye haya, rafiki zangu vitabu. Hata baada ya maziko, kila jioni nilimpakulia wali nikaufunika kwa kawa la ukindu, kama yeye alivyomwekea baba akichelewa kazini. Siku moja jirani yetu Mwislamu, Bi Zuhura, akanikuta.

“Mama'ko alipomfunikia baba'ko, alikuwa akichungulia njiani?”

“La, Bi. Alisema, ‘Kashasema atakuja.’”

“Nanyi Wakristo si mnasema Yesu kaenda kukuandalieni makao? Mwongo?”

“Si mwongo.”

“Basi mwachie yeye amwandalie mama'ko. Wewe kula, umekonda kama ufito.”

Nilikuwa na hamu na mama hata hivyo, kama nilivyo na hamu na babu yako leo. Lakini aliyeahidi ni mkweli, na wanaongojewa huko sasa ni sisi.

Jioni ile, Bi Zuhura alipoondoka, nilifunua kawa, nikala wali wote, nikaosha sahani.

Bibi yako