Matanga Yaliyokungoja Wamaza

Baba, nakuandikia huko usikorudi,

Nimefika Wamaza, kijijini kwenu. Tulipoiacha Kabambare, pikipiki ilitutupa matopeni mimi na dereva mara mbili, na mara zote mbili nilikulaumu moyoni kwa kutonileta wewe mwenyewe.

Unakumbuka ulivyotuchekesha na kisa cha Babu? Jioni zile tulizokula sombe tupu, majani ya muhogo bila ugali, ulitusimulia jinsi alivyotuma habari kwamba amekufa, ili awasikie wanaomlilia kwa moyo na wanaolia kwa midomo tu. Wewe, mwalimu kijana kule Kasongo, ukaendesha baiskeli siku mbili. Ulipojitupa juu yake ukilia, Babu akafungua jicho moja: "Huyu ndiye analia kweli-kweli. Mumupe chakula." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Wewe ulikuwa unaishia hapo, unainuka, unatoka nje. Sikuwahi kujiuliza unafuata nini huko nje.

Nusu ya pili nimeipata kwa dada yako, shangazi Feza. Miaka miwili baadaye Babu alikufa kweli, wakatuma mtu kwako. Ukacheka mbele ya wanafunzi wako, ukamwambia, "Mzee ameanza tena. Safari hii ajililie mwenyewe," ukarudi ubaoni. Walikungoja siku tatu, shangazi akifukuza nzi kwa tawi, mpaka haikuwezekana tena, wakamzika. Ulipoujua ukweli, aibu ikakufunga miguu. Baadaye vita vikakupa sababu nzuri ya kusema njia haipitiki.

Kwetu matanga ya baba huondolewa na mtoto wa kwanza. Hukuja, hayakuondolewa. Shangazi amezeeka na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, Baba. Wala si kwa kinyongo. Alikuwa anakungoja tu, na hilo limeniuma kuliko kama angekulaani.

Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba nawe umefariki. Niliporudia mara ya pili, akapiga makofi, akacheka kwa fizi zake.

"Muongo! Anatujaribu, kama mzee. Iko nyuma ya nyumba. Mwambie atoke, hatuna hasira naye."

Akachukua fimbo, akaizunguka nyumba yote akikuita kwa jina lako la utotoni. Nilimfuata. Penye migomba akasimama, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaketi pale pale chini.

Nina hasira nawe. Ungekuja hata umechelewa miaka kumi, wangekukaripia asubuhi, na mchana wangekupikia. Lakini sina uwezo wa kukuhukumu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nawe ulikwisha kulia bure mara moja.

Kesho yake shangazi alininyoa nywele, tukaenda kaburini kwa Babu, tukaondoa matanga yenu nyote wawili kwa siku moja. Kile kitambaa aliniinamia nikifungue mimi, kwa niaba yako. Fundo lilikuwa limekaza, ikabidi nitumie meno.

Tulipokuwa tunanawa, akaniuliza taratibu, "Siku baba yako anakufa, ulikuwako?"

"Nilikuwako, shangazi. Nilimushika mukono."

Akapitisha kiganja juu ya kichwa changu kilichonyolewa.

"Basi. Mu hii jamaa yetu, mutoto moja alifika."

Lala sasa, Baba.

Binti yako, mtoto wako wa kwanza