Nimeunguza laptop yenye sauti ya marehemu kaka

Mpendwa Anti Leticia,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana nikianza kwa kusema tatizo langu ni laptop ya kuchezea gemu najua wasomaji wako wengi watageuza ukurasa, lakini ndani ya hiyo laptop yumo mama yangu mzazi, yumo kaka yangu ambaye hatunaye tena, na umo uongo nilioanza mwenyewe ambao sasa sijui nitajinasuaje.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitano, nalima tangawizi hapa Bombo, milimani Upareni, na kwetu tulizaliwa wawili tu, mimi Sifael na kaka yangu Loth, ambaye alikuwa fundi umeme kwenye shamba moja la mkonge huko tambarare. Laptop aliinunua yeye, akaiacha nyumbani kwa makusudi, akisema vumbi na joto la huko chini vitaimaliza, bora ikae huku kwenye ubaridi, basi akawa anapanda kila Jumamosi tunacheza, gemu la mpira na lile la magari, na alikuwa na tabia ya kurekodi tunavyocheza huku akitangaza kama yuko redioni, Kiswahili anachanganya na Chasu chetu, anacheka, ananizomea nikifungwa, anamwita mama aje aone, na mama akiitika kutoka jikoni sauti yake nayo inaingia humo humo.

Loth alifariki Novemba mwaka jana. Ilikuwa Jumamosi, mvua za vuli zinanyesha, pikipiki ikateleza kwenye kona akipanda kuja nyumbani.

Baada ya matanga mama akaanza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Jumapili akitoka kanisani, hata sare ya kwaya hajavua, anakaa kwenye kigoda mbele ya laptop na kuniambia, "Niwekee Loth." Kioo hatazami, gemu lenyewe halijui, magari yanapita yeye amefumba macho anasikiliza tu, na Loth akifika pale anapoita, "Mama, njoo uone!" yeye hujibu, "Nakuja, baba," na haendi popote, anabaki pale pale amekaa.

Sasa kosa langu, Anti. Kadi ya picha ya laptop ile, sisi wachezaji tunaiita GPU, ilikuwa ya kawaida, kumbukumbu yake gigabaiti nne, na Same mjini kuna jamaa anaitwa Isihaka ana chumba cha gemu ambako hufanyika mashindano, na huko kuna kijana anaitwa Daudi ambaye kadi yake ina jina lile lile na namba ile ile ya yetu, ila yake ina gigabaiti sita na laptop yake nene inairuhusu kula wati tisini na tano, wakati ya kwetu nyembamba inaipa wati sitini tu, kwa hiyo kwake picha zinatiririka na kwangu zinakwama kwama. Iliniuma. Nikaangalia video mtandaoni za kuovakloki, yaani kuikimbiza kadi kuliko kiwanda kilivyoipangia, nikapandisha kasi kidogo kidogo, nikapandisha na kasi ya kumbukumbu, mwisho nikaondoa hata ukomo wa umeme, na kila nikipima joto halivuki nyuzi sabini na mbili, nikajiona bingwa. Sikufikiri kwamba napimia Bombo, mwezi wa nane, ukungu umeingia mpaka sebuleni na mimi mwenyewe nimevaa sweta.

Mwezi wa pili mashindano yalipofika nikamuaga mama kwamba nakwenda kutafuta mbegu, nikashuka Same na laptop kwenye begi la shule. Chumba cha Isihaka kimeezekwa bati, dari hakina, ilikuwa saa nane mchana, na Februari ya Same wanaoijua wanaijua. Sikubadilisha kitu, niliichezea vile vile nilivyoipandisha nyumbani. Mechi ya kwanza nikamfunga Daudi, na moyoni nikamwambia Loth, umeona? Mechi ya pili feni zikaanza kupiga kelele mpaka watu wakageuka, ikaja harufu ya plastiki inayoungua, kioo kikawa cheusi. Badala ya kuiacha nikachanganyikiwa, nikawa nabonyeza kuiwasha, nabonyeza tena, labda mara tano, na ile ya mwisho kikatoka kimoshi pembeni.

Fundi Salimu wa pale mjini aliifungua mbele yangu. Akasema njia zinazoilisha kadi umeme zimeungua, na umeme uliovuka hapo umepita mpaka kwenye diski. Akaitoa diski akaichomeka kwenye mashine nyingine, haikuonekana. "Mdogo wangu, kwangu mimi imeishia hapa," akaniambia. "Labda wataalamu wa Dar, na hata hao sikuahidi."

Mama nilimwambia iko kwa fundi inasubiri kifaa. Jumapili za kwanza alikuwa akiniuliza, "Imepona?" kama anaulizia mgonjwa aliyelazwa. Siku hizi haulizi. Anatoka kanisani, anakaa kwenye kigoda kile kile mbele ya meza tupu, muda ule ule aliokuwa akikaa, halafu anainuka kwenda kuangalia makande yake jikoni. Anti, ningependa anitukane kuliko hivyo.

Sasa hapa Bombo watu wote husema mimi na Loth kwenye simu huwezi kututofautisha. Rafiki yangu Elinaza akanipa wazo nijirekodi mimi, nitangaze kama Loth, nicheke kama Loth, nimwite mama aje aone, halafu niseme fundi amefanikiwa kuokoa kipande. Nimeshafanya. Nilikwenda shambani peke yangu nikarekodi dakika nne, na Elinaza aliposikia alishtuka akaomba nizime. Imebaki kumwekea mama tu. Je, nikifanya hivyo ni vibaya, ikiwa moyo wake utatulia?

Sauti yake halisi ninayo moja tu, ya WhatsApp, nyingine nilizifuta simu ilipojaa. Alinitumia wiki ile ile aliyofariki, mashindano yalipotangazwa nikamwambia nimeipandisha kadi na nitaishusha mashine Same. Anasema hivi: "We Sifa, hiyo kadi irudishe ilivyokuwa. Na usinishushie mashine huku, huku si Bombo, utaiunguza, mdogo wangu. Haya, msalimie mama, mwambie Jumamosi napanda, aniwekee makande." Siku ile niliisikiliza nusu, nilipoona ananifokea nikaifunga kwa hasira, nikaja kuimaliza baada ya mazishi. Hiyo siwezi kumwekea mama, kwa sababu akiisikia tu atajua mashine nimeiua mimi, na kwamba nilikatazwa na mwenye mashine.

Nishauri kabla ya Jumapili.

Mimi, kijana wa Bombo


Mwanangu,

Marahaba. Majina yote nimeyabadilisha, maana sitaki mama yako asomewe gazeti na jirani kabla hujamwambia mwenyewe, na barua yako nimeitoa kabla ya zamu yake kwa sababu Jumapili iko karibu. Pole sana kwa kumpoteza kaka. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nililia hapa mezani, wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Nimeshafuta machozi, sasa nikuseme.

Hizo dakika nne zifute. Usimalize ukurasa huu kabla hujazifuta. Unaniuliza kama ni vibaya, mimi nakuuliza kama una akili. Mama huyo aliwalea wawili. Mlipokuwa wachanga alijua ni nani analia kabla hajafika kitandani, leo akose kujua ni nani anacheka? Elinaza alishtuka kwa sababu Elinaza hakuwazaa. Mama yako atakujua kwenye neno la kwanza, na unajua atafanya nini? Atakuambia, "Asante, baba," ili asikuaibishe, na kuanzia hapo atakuwa hana Loth na wewe pia hana, maana atakuwa anaishi na mtu anayejifanya marehemu. Umemfikiria namna hiyo? Hukumfikiria. Umejifikiria wewe na aibu yako.

Kuhusu mashine, mimi kompyuta najua kuandikia tu, kwa hiyo nimemuuliza Sebastiani anayetutengenezea za hapa ofisini. Barua nilimpa aisome, na alipofika pale ulipopimia joto umevaa sweta alitikisa kichwa muda mrefu. Anasema vijana wengi mnalinganisha kadi kwa jina lililobandikwa, wakati jina ni moja na nguvu ni mbalimbali, kwanza utazame laptop inaipa kadi wati ngapi na inapumuaje. Laptop si ile mashine kubwa ya mezani, humo ndani kila kitu kimebanana na feni ni ndogo. Ukiikimbiza unaongeza picha chache tu kwa sekunde, na unailipia kwa uhai wake. Na mwenye kupandisha apimie pale atakapochezea, kwenye joto la pale, vinginevyo aache kama kiwanda kilivyoacha. Kaka yako alikuwa fundi umeme, haya yote alikuambia kwa maneno machache kuliko Sebastiani.

Diski usiichomeke popote tena, wala usimpe mtu mwingine "ajaribu kidogo". Kila jaribio linapunguza nafasi. Ifunge vizuri, uipeleke kwa watu ambao kazi yao ni kuokoa mafaili tu. Sebastiani anasema tumaini lipo ila ni dogo sana, kwa hiyo ipeleke kwa sababu inafaa kupelekwa, na mama usimwambie kwamba itapona. Umeshampa Jumapili nyingi za kusubiri.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Umeniandikia kurasa tatu, na kitu kikubwa kuliko vyote umekitupa mwishoni, karibu usikiseme kabisa. Unasema sauti ile huwezi kumwekea mama kwa sababu ndani yake unafokewa. Umeisikiliza mara ngapi tangu Novemba? Na kila mara unasikia kufokewa tu? Mimi nimesoma maneno yale yale nikaona, "Msalimie mama, mwambie Jumamosi napanda, aniwekee makande."

Salamu hizo ulizifikisha lini?

Kwa ulivyoandika mwenyewe, hukuzifikisha. Uliifunga simu katikati. Jumamosi ile mama yako hakujua kama mwanawe aliye njiani anataka makande, habari ya msiba ikamfikia kabla ya salamu. Na sisi tulivyolelewa, huko kwenu milimani na huku kwetu, mtu akikupa salamu ya mwingine, hiyo si yako, unaifikisha hata kama mmegombana njiani. Wewe umetembea nayo mfukoni tangu Novemba. Umekwenda nayo Same na kurudi. Unahangaika kutengeneza sauti ya uongo ya Loth kumwita mama yake, na Loth mwenyewe ameshamtaja mama yake, kwa sauti yake, kwenye simu yako. Mwanangu, nimekukasirikia hapo, na hapo hapo nimekuonea huruma kuliko mahali pengine pote.

Fanya hivi. Leo, kabla hujala, sauti hiyo ihamishie mahali patatu, kwenye simu ya mtu unayemwamini, kwenye barua pepe yako, na kwenye kadi ya kumbukumbu ambayo utamtilia mama kwenye simu yake ndogo, umfundishe kitufe cha kubonyeza. Hatakuhitaji tena wewe umwekee. Jumapili mwambie mama yako mdogo, au jirani anayemweleza siri zake, asiende mbali na nyumba. Mama akitoka kanisani akakaa kwenye kigoda chake, wewe kaa chini. Kwanza kosa. Usiseme "mashine iliungua". Sema "niliiunguza". Sema, "Mama, mashine niliiunguza mimi, Loth alinikataza, nikakudanganya iko kwa fundi." Ukishasema ukae kimya. Akilia mwache alie, akikusema mwache akuseme, akiinuka akatoka nje usimfuate, atarudi. Usianze kueleza habari za wati na gigabaiti, hakuna anayekuuliza hizo.

Akirudi mwambie, "Mama, nina salamu zako nimezichelewesha." Kisha weka sauti. Iache iende tangu mwanzo, na kufokewa kwako kukiwamo. Usiikate. Ulishaikata mara moja.

Ikifika pale pa makande, inamisha kichwa, usimtazame. Mama yako ataitika. Mwache amwitikie Loth, na usimjibu wewe.

Anti Leticia