Kwa Nini Ulimfuata Tangini

Baba Zuhura,

Salamu sikupi leo. Nimekukasirikia.

Nimetoka eda Ijumaa. Miezi minne na siku kumi nyumbani kwa mamako hapa Bofu, watu waja, wanipa pole, waniambia ni kazi ya Mungu. Mungu namjua. Lakini aliyewatia kwenye lile tangi la meli siku yenu ya tatu kazini, hewa haijapimwa kama ina sumu, ni injinia wenu, kwa vile meli yataka kuondoka. Mwenzako Juma akaingia, akaanguka. Nawe ukamfuata.

Ukamfuata! Wewe!

Si mimi niliyekushikia daftari wakati wote wa mafunzo, Zuhura yuwanyonya, nami nakuuliza maswali? Nikikosea kutamka majina ya pampu, wewe wanicheka: "Mama Zuhura, injini ikikusikia itazima." Lakini lile la tangi hukulikosa hata siku moja. Mwenzako akianguka ndani, usiingie. Piga kengele, ngoja mwenye mtungi wa hewa. Mtihani ukapita, cheti wakakupa. Wallahi walikufunza karatasi tu. Hawakukusimamisha hata mara moja mlangoni mwa tangi, mwenzako yumo ndani yuwaita, ukazoea kutoingia. Daftari lilijua. Miguu yako haikujua.

Najua umekua na Juma tangu utotoni. Najua usingeweza kusimama tu. Hilo ndilo linaloniua.

Sasa sikiza. Eda nzima nilikuwa nalisoma daftari lako. Jumatatu nikaenda chuoni kwenu, nikakuta waandikisha watu wapya wa chumba cha injini. Bwana wa mezani akanitazama: "Mama, mtoto utamwachia nani?" Foleni nzima ya wanaume ilopita mbele yangu, hakuna aloulizwa hivyo! Nikamwambia ana bibi yake. Akauliza kama nina swali. Nikasema ninalo, tangi la mazoezi liko wapi? Akajifanya kupanga karatasi zake. Nikalirudia kwa sauti, mpaka wa nyuma wakasikia, nao wakaanza kuuliza. Mwisho akasema liko moja kuukuu nyuma ya karakana, litasafishwa tulitumie. Nikamwambia, andika. Akaandika. Akaandika na jina langu.

Mamako kaniambia, "Wataka huyu mtoto awe yatima wa pande zote mbili?" Nilikwenda msalani nikalia. Nilipotoka nikamkuta amembeba Zuhura mgongoni, yuwaniuliza masomo yaanza saa ngapi.

Yaanza kesho, saa mbili asubuhi. Naogopa, lakini nina furaha pia, na hiyo furaha yanitia haya mbele yako. Lile tangi wasipolisafisha, nitalisafisha mimi, kisha niwasumbue mpaka kila mmoja wetu asimame pale mlangoni, tena na tena.

Mungu akupanulie kaburi lako, mume wangu. Zuhura akikua nitamwambia babake alikuwa na moyo mkubwa, na kwamba moyo huo ndio uliomnyima baba. Nitamwambia yote mawili. Sitamficha hata moja.

Mkeo,
Mama Zuhura