Sura Iliyopungua

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, za shemeji yako, na za wanangu ambao hawajui kukaa kimya hata wakiniona nimeshika kalamu. U hali gani? Mgongo unasemaje? Na masikio, bado yanavuma jioni kama ulivyoniambia? Sisi huku miili ni mizima, tunashukuru. Ya moyoni nitayasema taratibu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilipayuka mpaka jirani akaja kuuliza kama tumefiwa, na wewe huko ukawa unanijibu habari za mlango wa gari la mteja. Nikakata. Barua yako imefika, na swali lako nimelisoma mpaka nimelishika kwa moyo: imekuwaje binti yako akwame na shahada yake, wakati mkuu wa idara anayosoma ni mimi mdogo wako, na kulala analala nyumbani kwangu? Umeniuliza kwa upole, kaka, na hapo ndipo uliponichoma. Ungenitukana ningejua pa kushika.

Nianze na kazi yenyewe, maana najua Kidole hakukueleza yote. (Shemeji yako hataki tumwite Kidole, anasema ni mtu mzima sasa. Lakini wewe ndiye uliyempa jina hilo, alipokuwa akikaa juu ya tairi pale karakana na kuamuru dunia nzima kwa kidole kabla hajajua kusema.) Binti yako amerudi kwenye mtaa wenu wa mafundi bodi, akasoma mikono yenu. Ameandika ishara zote mnazotumia pale nyundo na mashine za kukatia chuma zinapozima sauti ya mtu: ya kuomba spana, ya kusema ngoja, ya kumsengenya mteja naye amesimama hapo hapo anachekacheka. Amepima kelele kwa chombo, kona kwa kona. Amewapima na masikio. Halafu akaviweka hivyo vitu pamoja, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mikono ile inawasaidia kufanya kazi, na mikono hiyo hiyo inawaficha. Fundi anaweza kupoteza masikio polepole kwa miaka, na mwenzake wa benchi moja asijue, kwa sababu hawajawahi kuhitaji kusikilizana.

Niliposoma ukurasa ule nilikukumbuka wewe, nikafunga mlango wa ofisi nikalia. Sisemi uongo.

Shule ya watoto viziwi imeshamwambia nafasi yake ya kazi ipo, wanangoja shahada tu. Kwa hiyo hilo ndilo lililoko mezani, kaka, shahada au hakuna. Sasa nikueleze ilivyokwama, na ili uelewe inabidi uvumilie kidogo mhadhara wa mdogo wako. Najua unavyopenda mihadhara yangu.

Zamani msomi alikuwa msomi tu. Asubuhi anatazama nyota, mchana anachunguza meno ya punda, jioni anabishana kuhusu haki. Maarifa yakaongezeka, kichwa kimoja kikazidiwa, watu wakagawana: wewe chukua mawe, mimi nachukua sheria, yule achukue magonjwa. Hapo hapakuwa na ubaya. Lakini kila aliyepewa fungu lake akajenga ukuta, akaweka jina mlangoni, akaanzisha jarida, chama, mtihani na mkutano wa kila mwaka wa kusifiana. Mimi nimesomea historia, na nikuambie siri ya kazi yetu. Ukitaka kujua fani imezaliwa lini usiulize waligundua nini; uliza ni lini walianza kukataa watu.

Sisi tulianza kama watu waliokataliwa. Mimi niliandika historia ya homa, wanahistoria wakasema hiyo ni tiba. Mwenzangu, mama mmoja ambaye wanafunzi wanamwita Mama Vyura, alifuatilia vyura mpaka wakamfikisha kwenye mashauri ya ardhi mahakamani, wanabiolojia wakamwambia hongera, sasa nenda kwa wanasheria. Chuo kikatupa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Tukakaa humo kama mayatima, na tulikuwa na raha, we acha tu! Mwanafunzi akija na swali hakuna aliyemuuliza ametokea idara gani. Tulimuuliza anataka kujua nini, basi.

Kisha likaja agizo: kila kitengo kiwe idara kamili au kifungwe. Wakaguzi wakaketi kwenye vile viti vyetu vibovu wakauliza, ninyi mna nini ambacho idara nyingine hazina? Mama Vyura akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Nikafungua mdomo, na unaujua mdomo wangu. Nikasema tuna nadharia yetu, inaitwa Nadharia ya Mishono, inayochunguza namna fani zinavyoshonwa pamoja, na kila tasnifu hapa kwetu huwa na sura nzima ya Mishono. Kaka, hiyo nadharia ilikuwa na umri wa sekunde moja. Wakaguzi wakaandika, wakaitikia kwa vichwa, wakatupa idara.

Tangu siku ile tunaitumikia. Tumeiandikia vitabu. Ina jarida, ina mkutano, ina watu wasiosalimiana kwa sababu yake. Tumehamishiwa ghorofa mpya yenye zulia na mlango unaofunguka kwa kadi, na asiye na kadi anasimama nje akigonga kioo. Mimi mwenyewe nimeshasahau kadi nyumbani nikagonga, na karani akanitazama kwanza ndipo akafungua.

Basi Kidole akaleta tasnifu yake haina sura ya Mishono. Nikamwita ofisini nikamwambia ameisahau. Akaniambia hakuisahau, ameiacha. Akasema kazi nzima ni mshono mwanzo mpaka mwisho, sasa aongeze kurasa za kumwonyesha msomaji kwamba hapa pameshonwa, za nini? Nikambembeleza. Nikamwambia aandike chochote, hata kwa shingo upande, wote wanafanya hivyo. Akacheka kile kicheko chako cha puani, akasema yeye hakuja kwetu kuvaa sare.

Kichwa kigumu amekirithi kwako, usinitazame mimi.

Nikajaribu kumtoa kwa mlango mwingine. Watu wa fizikia wakasema wanaona mikono tu humu, apelekwe kwenye lugha. Watu wa lugha wakasema wanaona kelele na masikio, apelekwe kwenye fizikia. Amezungushwa hivyo muhula mzima, na kila akirudi anarudi mkimya zaidi. Na kwetu wakati huo joto limepanda, kwa sababu wakaguzi wanakuja tena muhula huu, na idara za zamani zinatumezea mate. Tasnifu nzuri kama ile ikipita bila sura yetu, tumejiandikia wenyewe kwamba hatuhitajiki. Tutafungwa. Kuna wahadhiri vijana hapa wenye mikataba ya kuhesabu miezi, na Mama Vyura hajafikia muda wake wa kustaafu.

Siku ya kikao cha jopo la kuamua tasnifu yake nilitoka nje, kama sheria inavyotaka kwa ndugu wa mwanafunzi. Hilo alikusimulia, ndiyo maana barua yako inanihurumia. Umeandika kwamba unajua mikono yangu ilikuwa imefungwa, na kwamba Mungu anaona nilitamani kusaidia. Kaka, sentensi hiyo imeninyima usingizi. Ningeweza kuinyamazia ukaendelea kunihurumia mpaka tunazeeka. Siwezi. Keti kama umesimama.

Nilitoka, ndiyo. Lakini waliniita ndani tena. Jopo lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu, wakakubaliana kwamba kura sipigi, ila nijibu jambo moja kama mtu aliyeitunga ile kanuni. Mama Vyura ndiye aliyeniuliza, tena kwa sauti ya kunifungulia njia. Aliuliza kama tulipoiweka sura ile tulikusudia imbane kila mtu, au kazi ambayo mishono yake inaonekana yenyewe inaweza kusimama bila hiyo. Alikuwa anajua jibu, tulikuwa wote kwenye vile viti vibovu. Alichotaka ni mimi niseme tu kweli: hatukuwahi kumkusudia mwanafunzi yeyote, tuliwakusudia wakaguzi.

Nikatazama nyuso zao. Nikawaza mikataba ya wale vijana, nikawaza wakaguzi. Na kwa kuwa wewe ni kaka yangu nitakumalizia: nikawaza na kiti changu. Nikasema inambana kila mtu. Halafu, hakuna aliyeniuliza hili, nikaongeza kwamba hata akiwa wa damu yangu.

Wakanisifu, kaka! Mmoja alinishika bega akasema viongozi wa namna hii wamekwisha. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto, na binti yako alikuwa kwenye benchi pale pale ukutani. Nilipotoka alikuwa anafunga mkoba wake. Hakulia wala hakunitukana. Alinipisha nipite, kama wanafunzi wanavyompisha mkubwa.

Ndiyo hivyo. Aliyemkwamisha ni mimi. Nimemkwamisha kwa kanuni niliyoibuni ili sisi tusikwame, na nisingekuwa mkuu nadhani ningeipigia kelele kuliko mtu yeyote.

Nyumbani hajagombana na mtu. Anaamka, anafagia, anawafundisha watoto hesabu. Ila mezani nilimwomba chumvi, akaisogeza akasema, haya Mkuu. Wanangu wakaangua kicheko, wakadhani ni utani, na sasa nyumba nzima wananiita Mkuu. Yeye hacheki. Baba mdogo sijaisikia tena kinywani mwake tangu siku ile. Shemeji yako ananiuliza kuna nini kati yenu, nami namjibu kazi, kazi tu.

Jumapili iliyopita alinikuta sebuleni akanipa kurasa. Ameiandika. Sura nzima ya Mishono, na nikuambie bila kupepesa macho, ni bora kuliko zote tulizowahi kupokea, pamoja na zangu. Ameyachukua maneno yetu yote makubwa akayapanga kama askari. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta yule mtoto wa juu ya tairi, sikumpata. Jopo likiiona litampitisha kwa shangwe, na wakaguzi wataonyeshwa hiyo kama kielelezo.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia asiipeleke. Nikamwambia kesho yake asubuhi nitaliita jopo, niseme niliwapotosha, kanuni ile ilikuwa ya kuwaridhisha wakaguzi, na tasnifu yake ipite kama alivyoileta, liwalo na liwe. Nilikuwa namaanisha, kaka. Kwa mara ya kwanza tangu tupewe lile zulia nilijisikia mwepesi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nimechelewa. Nikisema sasa, alisema, kila mtu ataona mkuu wa idara kamvusha binti wa nduguye, na shahada hiyo ataibeba maisha yake yote kama kitu cha wizi. Shule ya viziwi itasikia, na mafundi waliomkubalia awapime masikio watasikia. Siku ile kwenye mlango wazi neno langu lingekuwa kweli, alisema. Leo ni upendeleo. Akanyoosha mkono nimrudishie kurasa zake. Nikamrudishia.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: binti yako atafaulu. Jopo linakaa wiki hii, na hakuna mtu humu mwenye shaka. Utaalikwa, na utakuja umevaa lile koti lako, na watu watakupongeza kwa kuwa na binti mwenye akili na ndugu mwadilifu. Nami nitakuwa mbele pale na joho langu nikisoma majina. Nimeshindwa kuwaza nitalisomaje lake.

Sikuombi unisamehe, maana wewe ukisamehe unasamehe upesi na mimi nitajisahau. Nakuomba umwandikie yeye. Usimwambie nimekueleza. Mwandikie tu, umwambie ile kazi ya kwanza, ile isiyo na sura yetu, aje nayo nyumbani akusomee mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wake wa kumsikiliza hapa, na sasa hana.

Msalimie sana shemeji, na wote wa karakana, hasa wale waliokubali kupimwa. Nenda hospitali uyaonyeshe masikio hayo, usingoje mpaka yakae kimya. Wanangu wanakubusu mikono, na shemeji yako anasema uje mapema, chumba kipo.

Niombee.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
ambaye ndani ya nyumba yake anaitwa Mkuu.