Somo la Tatu Limejirekodi

Baba Watoto,

Nimekwenda mazoezi ya kwaya. Chai iko kwenye chupa. Funga dirisha la jikoni, wingu limetanda.

~~Usiguse kompyuta yangu.~~

Asubuhi nilikuwa narekodi somo la tatu, video ya kuwafundisha wanaojitolea kanisani jinsi ya kurusha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta. Ukapita na mswaki mdomoni: "Mama Watoto, unaeleza kama unamlisha mtoto uji. Nani atavumilia?" Iliniuma. Nikaenda kuanika nguo, na kwa hasira nikasahau kuzima rekodi.

Niliporudi kuifuta, nikaitazama kwanza. Kumbe uliketi kwenye kompyuta yangu! Mshale unazunguka kwenye skrini kama kuku anayetaka kutaga, nawe unanong'ona maneno yangu yale yale: "Kwanza chagua wimbo. Halafu ubeti. Usiharakishe." Ukatoa ubeti wa tatu kabla ya wa kwanza, ukajiambia, "Pole, mzee," ukaanza upya. Mara nne! Ya tano ukapatia, ukajipigia makofi peke yako.

Na miaka yote unasema mashine hizi si za rika lako. Ungesema tu unaogopa kukosea mbele za watu.

Haya, chaja iko kwenye droo. Fanya mazoezi. Video sijaifuta; ukiniruhusu, hiyo ndiyo itakuwa somo la tatu, maana wenzetu wanahitaji kumsikia mtu akikosea na kurudia.

Jumapili kiti cha projekta ni chako. Ubeti wa pili ukichelewa, mimi nitarudia wa kwanza kwa sauti mpaka uupate.

Mama Watoto