Mimi Ndiye Betri

Jumatatu, 12 Januari 2009

Kiragu amejifungia nje tena. Simu imelia kabla sijavua sweta. Eti VPN imemkataa, eti mfumo una shida. Mfumo hauna shida! Amekosea paswadi mara tatu, akaunti ikajifunga, kama inavyojifunga kila Jumatatu wikendi ikishamsafisha kichwa. Nikamwambia asubiri. Nikaifungua, nikamwekea paswadi mpya: AsanteKavutha1. Nikamsomea herufi moja moja, polepole. A kubwa. K kubwa. Akauliza kama haiwezi kuwa kitu kingine. Nikasema mfumo ndio umechagua, bosi.

Sasa kila asubuhi huko Nairobi, kabla hajaanza kazi, atakuwa ananishukuru. Kwa lazima.

Na anapaswa. Hii njia ya VPN, kutoka shamba la maua hapa Kitengela mpaka ofisi kuu, niliitengeneza mimi, nikila mkate mkavu juu ya kibodi. Kiragu alikuwa msaidizi wangu. Nilimwonyesha hata mahali pa kubonyeza. Kisha wakurugenzi wakaja, akasimama mbele yao akasema, "Nimeunganisha shamba na Nairobi." Nime! Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, nashikilia waya wa projekta usichomoke. Mwezi uliofuata akapewa ofisi Nairobi, na gari. Mimi nikabaki na vumbi.

Alhamisi, 15 Januari

Stima ilipotea, kwa hivyo mashine ya shamba, ile kompyuta inayobeba VPN, imeamka ikidhani ni tarehe mosi Januari 2002. Kawaida yake. Kile kibetri cha ndani cha kushika saa kilikufa mwaka jana. Na VPN haivumilii tarehe za ovyo. Cheti chake cha utambulisho kilitolewa 2008. Mashine iliyoko 2002 ikikitazama inaona ni cha uongo — hakijatolewa bado! — inafunga mlango. Oda za maua haziingii. Wala haikuambii sababu. Inasema tu imeshindwa kuunganisha.

Dawa ni kurudisha tarehe. Basi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, maana stima hapa hupotea karibu kila siku. Niliomba kibetri kwa barua-pepe, Kiragu akajibu ni jambo dogo, tutaliangalia. Kinauzwa pale mjini kwa fundi wa saa, ningekinunua hata leo nikienda nyumbani. Sikinunui! Akinunue yeye. Mpaka siku hiyo, mimi ndiye betri.

Nanjala, msimamizi wa banda la kupakia maua, huniletea chai saa hiyo hiyo. Huniuliza kama nimeshasalimia mashine. Ndivyo anavyoita. Hajui ninachofanya hapo na hajali, mradi oda zake zitoke kwenye printa.

Alhamisi, 22 Januari

Sijui nianzie wapi.

Bwana Makau, meneja wa shamba, ameniita ofisini na kufunga mlango. Alikuwa anachezea kalamu. Amesema kuanzia Machi hakutakuwa na mtu wa kompyuta hapa shambani. Kila kitu kitaangaliwa kutoka Nairobi, kupitia VPN. Nikamuuliza ni nani alipendekeza. Hakutaka kusema. Halafu akasema.

Kiragu! Ameniondoa kazini kupitia njia niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Makau anasema Kiragu aliwaambia wakurugenzi kwamba mtandao wa shamba sasa unajiendesha wenyewe. Unajiendesha! Mjinga yule hajui kuna mtu anayeamka kila siku kuuambia ni mwaka gani.

Nimemshukuru Makau vizuri. Nimetoka nikapita katikati ya waridi mpaka mwisho wa shamba, nikarudi. Sijalia. Sitalia kwa sababu ya Kiragu.

Ijumaa, 23 Januari

Nimelala nikiwa nimeamua.

Sitaharibu kitu. Sitakata waya, sitafuta faili, sitagusa akaunti ya mtu. Nitaacha tu kusalimia mashine. Si sasa. Nitangoja msimu wa Valentine, shamba likiwa limejaa vibarua na malori yamepanga mstari, Ulaya nzima ikitaka waridi nyekundu. Stima ipotee mara moja tu. Hapa Kitengela sihitaji kuiombea.

Njia ikifunga, Kiragu atapiga simu. Nitamjibu ndiyo bosi, hapana bosi. Atashindwa. Itabidi aje mwenyewe. Na hapo, mbele ya banda zima, mbele ya Makau, atasema, "Kavutha, tusaidie. Wewe ndiye uliyetengeneza." Hayo tu. Akishayasema nitarudisha tarehe, nitachukua mkoba wangu, na Machi ije ikitaka.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani. Mchungaji amehubiri kusamehe, saa nzima, kama aliyetumwa. Nimehamia kiti cha nyuma karibu na spika mbovu. Husikii vizuri pale.

Jumatatu, 2 Februari

Msimu umeanza. Shamba limejaa watu, wengine wametoka mpaka Mashuuru. Nanjala hana sauti tena, anaelekeza kwa mikono.

Kiragu naye ameniongezea. Barua-pepe: kuanzia leo ni yeye peke yake anayeweza kufungua akaunti zilizojifunga. Mimi nisiguse. Ni kwa ajili ya "usalama". Nadhani ile paswadi imemchosha. Nimeisoma nikacheka peke yangu. Mtu anajichimbia shimo na bado anaomba sepetu kubwa zaidi.

Leo stima imepotea saa kumi na mbili asubuhi, ikarudi mara moja. Mashine ikajiwasha yenyewe, saa yake ikianza sufuri. Nikagundua jambo tamu. Saa mbili asubuhi, kwenye kona ya skrini pameandikwa 2:00. Saa tatu, 3:00. Mashine imepotea miaka saba na mtu akiitazama anaona saa ni sawasawa! Tarehe yenyewe haionekani mpaka uifungue. Nani ataifungua?

Nimeiacha hivyo kidogo, kujaribu. Nanjala akaja mbio, oda hazitoki. Alikuwa ameshika kichwa. Nikarudisha tarehe, printa ikaanza kulia. Akanikumbatia. Ananuka waridi na jasho. Akasema, "Wewe dada, siku ukiondoka hapa mimi nitafanya nini?"

Sijamwambia habari za Machi. Nanjala ndiye aliyenipa nafasi ya kulala nilipofika Kitengela kutoka Makueni na begi moja, chumba kimoja, yeye na watoto wake watatu, na mimi ukutani. Nilikaa hapo karibu mwaka. Hakuwahi kunitajia.

Alhamisi, 5 Februari

Leo!

Stima imeondoka saa kumi na mbili kamili. Parsaoti wa jenereta alikuwa ndiyo anafunga shuka yake, tumesalimiana kwa Kimaasai, Sopa, Ipa, akaniambia imerudi tayari, hana haja ya kuwasha. Nikaingia ofisini. Mashine iko 2002. Nikaweka mkoba chini. Nikakaa. Sikugusa.

Ni vigumu kuliko nilivyodhani, kutofanya kitu. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe.

Saa moja Kiragu akapiga. Niangalie waya. Nimeangalia, bosi. Nizime modemu, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Nimewasha, bosi. Herufi kubwa zimewashwa kwenye kibodi? Hapana, bosi. Nifute programu ya VPN niiweke upya. Nimeweka, bosi. Labda ni mtandao wa simu una msongamano. Labda, bosi. Sauti yake ilikuwa inapanda kila mara. Ningeweza kuisikiliza mchana kutwa.

Banda la kupakia limesimama. Waridi ziko kwenye ndoo, zinaanza kufunguka, na ua lililofunguka hakuna anayelitaka. Madereva wamelala chini ya malori. Mchana Nairobi wakaanza kumsomea Nanjala oda kwa simu, na yeye anaandika kwenye vipande vya katoni, sauti hana, mtandao unakatika, anauliza tena, wanamfokea. Katikati ya simu na simu anakimbia kwenye kompyuta ya banda, anajaribu paswadi yake, labda itakubali. Imejifunga. Akaja kuniomba niifungue. Nikamwambia ukweli: nimenyang'anywa ruhusa. Akasema pole. Yeye ananiambia mimi pole!

Makau amesema Kiragu anakuja kesho asubuhi. Anakuja! Nimepiga pasi ile blauzi ya buluu.

Ijumaa, 6 Februari

Ninaandika nikiwa ofisini. Waache wadhani ni ripoti.

Kiragu amefika saa tatu na miwani ya jua. Viatu vyake vilishika vumbi, nikafurahi. Amekaa kwenye kiti changu. Mimi nimesimama mlangoni, blauzi ya buluu, mikono nyuma. Makau yuko pembeni. Nanjala na wasichana wake wako nje ya dirisha.

Amejaribu yote. Amebadilisha waya. Amefuta, ameweka. Amejaribu kuingia kwa akaunti yake, nikaona vidole vikipiga A kubwa, K kubwa — bado hajaibadilisha, hajui jinsi! Imekataa. Ametazama kona ya skrini, ikasema 4:10, akatazama saa ya mkononi, akasema ndege ya mchana tutaikosa. Ameitazama kabisa! Hakuona kitu.

Nilingoja ageuke. Sasa, nikasema moyoni. Sasa ataniita.

Amegeuka. Akamtazama Makau. Amefungua rekodi za akaunti kwenye laptopu yake, akaonyesha kwa kidole: akaunti ya Nanjala imejaribiwa jana mara nyingi sana. Akamwita Nanjala ndani. Akamuuliza ni nani mwingine anajua paswadi yake. Nanjala hajui kudanganya. Akasema wasichana wawili wa meza ya kupakia wanaijua, kila mtu kwenye banda hufanya hivyo, ndiyo kazi iende haraka. Ni kweli. Hata Makau paswadi yake iko kwenye kikaratasi chini ya kibodi.

Kiragu akavua miwani. "Hii si shida ya mashine. Ni watu. Huyu amepeana account, ikachezewa, VPN yote ikajifunga."

Upuuzi! Akaunti moja ikijifunga haifungi njia. Nilimfundisha mwenyewe, kwenye kiti hicho hicho. Sijui kama amesahau au anajua. Anahitaji jina la kupeleka Nairobi, na jina limepatikana.

Makau aliuliza, polepole, kama haingekuwa bora kunisikia mimi pia. Nilifungua mdomo. Kiragu akasema Kavutha hana ruhusa ya kugusa kitu tangu Jumatatu, kwa hivyo huyu hahusiki, ni safi. Safi! Akasema pia zile boksi chache za jana, za oda za simu, zimeenda vibaya, nyeupe mahali pa nyekundu, na mwandiko kwenye katoni ni wa nani? Nanjala akasema ni wake.

Nikafunga mdomo. Nimeandika hapa kwa sababu lazima niandike mahali: nilifunga mdomo. Nilikuwa bado nangoja aseme jina langu. Hata wakati ule! Nilikuwa nafikiri, ngoja kidogo, bado hajashindwa kabisa, bado hajaniomba.

Baadaye kidogo

Nanjala amesimamishwa. Ametakiwa aandike taarifa kwa mkono wake, kwamba alitoa paswadi na kwamba ndiye aliyesababisha. Ikienda Nairobi hivyo, harudi tena. Kijana wake mkubwa anaingia kidato cha kwanza wiki ijayo, sanduku la shule tayari limepakwa rangi, nililiona.

Wamemwambia aandikie hapa ofisini, kwa meza ya pili. Kiragu yuko nje anazungumza kwa simu, anatembea huku na huku, namsikia akisema ameshapata chanzo. Makau ameenda kutuliza madereva. Tumebaki wawili, na mashine. Skrini inasema 4:52.

Ningeweza kuifanya sasa hivi, akiwa amegeuka. Njia ingefunguka. Lakini Kiragu angerudi akaona imefunguka baada ya kumsimamisha Nanjala, na angesema, mnaona? Ingekuwa ushahidi wake. Hapana. Siyo kuifanya tu. Ni kuisema. Nimwite Makau, nimwite Kiragu, nifungue tarehe mbele yao, niwaambie tangu jana nilijua. Na ndiyo, Kiragu atacheka. Atapata majina mawili badala ya moja. Atatoka hapa amesafishika, na mimi nitatoka na mlinzi. Yeye ndiye atakayeshinda! Huyo! Ninamchukia mpaka meno yananiuma.

Nanjala ameandika jina lake juu ya karatasi. Anaandika kwa herufi kubwa, za shule, anasukuma kalamu. Hajalia. Kuna chai yangu hapa, alikuwa ameniletea asubuhi kabla Kiragu hajafika, imeshika utando. Sikuinywa.

Amesimamisha kalamu. Anaangalia ukutani, lakini kalenda ya mwaka huu hatujapewa. Anaangalia skrini ya mashine, pana saa tu.

Amenigeukia. Ile sauti yake haijarudi, anaongea kwa pumzi.

"Dadangu, leo ni tarehe ngapi?"

Mguu wa Kiragu uko kwenye ngazi.

Anauliza tena.