Ncha Butu ya Pia

Jumamosi usiku, Busia

Bado nacheka. Kesho mjukuu wangu Nafula anashindana Malaba kuzungusha pia, na ile inayozunguka hadi mwisho ndiyo hushinda. Mara ya kwanza alirudi akilia, kwa hiyo leo tulijaribu ncha mbili kwenye sinia. Nikamweleza polepole: ncha kali hugusa sinia kidogo, basi haichoki upesi. Kweli, ilidumu kuliko butu.

Mke wangu akaacha kuchambua mboga. "Mwalimu, kwani huko Malaba itazunguka peke yake?"

Akazizungusha zote mbili pamoja, akarusha pia nyingine katikati yake. Yenye ncha kali ikagongwa, ikalala. Ile butu ikayumba, ikajiinua, ikaendelea.

"Babu, pole! Kesho kocha ni nyanya," Nafula akasema.

Nina wasiwasi kidogo na ile ncha butu, lakini tutaenda nayo. Mimi nitabeba sinia.